Mdaiwa wa Kwanza ni Baba

Kuna neno moja linalosemwa sana siku hizi katika vijiji vyetu vya Bukoba na Muleba. Husemwa barazani, husemwa penye rubisi, husemwa hata njiani watu watokapo kanisani. Na kwa kuwa nimelisikia mara nyingi bila kumsikia mtu akilijibu, nataka kulijibu hapa. Neno lenyewe ni hili: kwamba wanawake wanaolea watoto peke yao wamekuwa wapenda mikopo, kwamba wanakopa kwa ajili ya vitenge na simu, na kwamba wakopeshaji wakija kuwachukulia sufuria na magodoro, basi wamejitakia wenyewe. Wasemao hivyo si watu wabaya. Wengi ni wazee wenye heshima zao, na wengine ni walimu wenzangu. Lakini neno lao si kweli, na uongo huu unawafaidia watu fulani, ndiyo maana haufi.

Mimi nasema kwamba katika nyumba ya mama aliye peke yake mdaiwa wa kwanza si yeye. Mdaiwa wa kwanza ni baba wa mtoto, aliye hai na hatoi kitu. Na kama baba amekufa, mdaiwa ni ukoo uliokalia kibanja chake. Deni la mama kwa mkopeshaji limezaliwa na deni hilo la kwanza, nasi tumezoea kumkemea mtoto wa deni huku tukimpa kiti mzazi wake.

Tazameni jinsi mwaka unavyokwenda hapa kwetu Buhembe na kwa jirani zetu. Kahawa ya Kagera huanza kuchumwa karibu na mwezi wa Mei. Shule hufunguliwa Januari. Kati ya Januari na Mei kuna miezi minne ambayo kibanja kina ndizi za kula, kama hakijapigwa na mnyauko, lakini hakina fedha. Ada imeondolewa, ni kweli: tangu Januari 2016 kwa shule za msingi na za sekondari hadi kidato cha nne, na tangu mwaka 2022 kwa kidato cha tano na cha sita. Lakini sare haikuondolewa, wala viatu, wala madaftari, wala sabuni. Na mtoto akishikwa na homa usiku, homa haiulizi kama msimu wa kahawa umefika. Penye wazazi wawili, mmoja hulima na mwingine hutafuta kibarua. Mama aliye peke yake ana mikono miwili tu, na mmoja umembeba mtoto.

Hapo ndipo anapokuja mnunuzi wa butura. Watu wa Kagera hawahitaji kuelezwa butura ni nini, lakini kwa ajili ya wasomaji wa mbali nitaeleza. Mnunuzi huja kibanjani wakati mibuni ina maua au matunda mabichi, akaitazama, akataja bei yake, akalipa papo hapo, na kahawa ikawa yake tangu siku hiyo. Mwenye kibanja huendelea kupalilia, kulinda, kuchuma na kuanika. Msimu ukifika, mnunuzi huja na magunia yake akabeba. Tuseme mama amepewa shilingi 60,000 mwezi wa Januari kwa kahawa ambayo baadaye ingempatia shilingi 180,000 katika chama cha msingi. Wengi husema ameuza kwa bei mbaya. La, hakuuza; amekopa shilingi 60,000 kwa miezi michache, akalipa riba ya shilingi 120,000, na juu yake akamfanyia kazi mkopeshaji bila ujira. Tena mwaka ujao Januari itamkuta palepale, maana fedha ya kahawa ambayo ingemvusha ilikwisha kuliwa kabla haijaiva. Viongozi wa mkoa wamekataza butura mara nyingi, nao wanafanya vema. Lakini kukataza butura bila kuuliza kwa nini mama anaiendea ni kama kuziba tundu la panya na kuliacha ghala wazi.

Mama asiye na kahawa huenda kwa mkopeshaji wa fedha taslimu. Huyo hana kituo kimoja. Leo yuko mjini Bukoba, kesho yuko sokoni Kamachumu, keshokutwa amekuja mlangoni. Tuseme anakopesha shilingi 100,000, anakata shilingi 10,000 za fomu, kisha anataka shilingi 130,000 katika majuma manne. Mama amepokea 90,000, atatoa 130,000. Akishindwa juma la tatu, huongezewa faini, na faini huzaa faini. Watu wenyewe wameuita mkopo huu kausha damu, wala hawakukosea. Wengine sasa hukopesha kwa simu, bila hata kuonana uso kwa uso, na akopaye akichelewa huwatangazia jamaa na marafiki zake wote kwamba anadaiwa. Mwezi wa Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa orodha ya programu 69 za namna hiyo zilizokuwa zikifanya kazi bila kibali.

Sasa ndugu zangu, na tuweke hesabu mbili kando kwa kando, kama tunavyowafundisha watoto darasani.

Hesabu ya kwanza ni ya mama: anadaiwa shilingi 130,000. Kwa deni hilo ametajwa mbele za watu, godoro lake limetolewa nje mchana, na watoto wake wamechekwa shuleni.

Hesabu ya pili ni ya baba. Tuseme yampasa atoe shilingi 30,000 kwa mwezi kwa ajili ya mtoto mmoja, kiasi ambacho mtu aliye na kibanja au pikipiki ya abiria hawezi kukiita mzigo usiobebeka. Mtoto ana miaka saba, yaani miezi 84. Baba hakutoa hata senti. Basi anadaiwa shilingi 2,520,000. Kwa deni hilo hakuna aliyetoa godoro lake nje. Akija kijijini kutoka Mwanza au Geita au Kampala, hukaribishwa. Arusi ikiwapo, hukaa mbele. Akitoa shilingi 50,000 za mchango, hupigiwa makofi. Na mtoto wake yupo palepale uani, anatazama.

Naombeni mtu anionyeshe kosa katika hesabu hii. Mimi sikuliona.

Najua nitajibiwa kwamba deni la mkopeshaji ni deni la sheria, lakini la baba ni jambo la huruma tu. Si hivyo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yasema mzazi ana wajibu wa kumpa mtoto chakula, malazi, mavazi, matibabu na elimu, wala haikuweka tofauti kati ya mtoto aliyezaliwa ndani ya ndoa na aliyezaliwa nje yake. Mahakama yaweza kumwamuru baba atoe fedha za matunzo, na kiasi chake hupimwa kwa kutazama kipato na mali za wazazi wote wawili, watoto wengine wanaowategemea, na gharama za maisha mahali mtoto anapoishi. Jirani zetu wa Kenya wameliweka jambo hili ndani ya katiba yao ya mwaka 2010: mtoto ana haki ya kulelewa na baba na mama kwa wajibu ulio sawa, wawe wameoana au hawakuoana.

Lakini yafaa tukumbuke tulikotoka, maana nadhani uzembe wa baba zetu una mizizi hapo. Sheria ya zamani ya watoto waliozaliwa nje ya ndoa, tuliyoirithi kutoka zama za Waingereza, haikuruhusu mahakama kumwamuru baba atoe zaidi ya shilingi 100 kwa mwezi. Hapo mwanzo shilingi 100 zilikuwa fedha. Miaka ikapita, fedha ikapungua nguvu, na kikomo kikabaki kilekile mpaka sheria hiyo ilipofutwa na Sheria ya Mtoto mwaka 2009, siku ambazo shilingi 100 zilikuwa bei ya andazi. Basi vizazi vizima vya wanaume vilikua vikijua kwamba mtoto wa nje ana thamani ya andazi moja kwa mwezi. Sheria imebadilika, lakini mazoea hayajasoma sheria mpya.

Wengine wanasema, "Baba hana kazi." Wako wasio na kazi kweli, na mahakama haimkamui mtu asichokuwa nacho. Lakini matunzo si noti peke yake. Mkungu wa ndizi kila juma ni matunzo. Kuezeka paa ni matunzo. Kumpeleka mtoto zahanati ni matunzo. Mtu asiye na shilingi lakini ana mikono, naye amekaa miaka saba bila kuleta hata kuni, huyo hakukosa kazi, amekosa kutaka.

Wengine wanasema, "Akipewa fedha atazila na mwanamume mwingine." Maneno haya yananichosha. Mtu anayeogopa hivyo na anunue sare mwenyewe, alete unga mwenyewe, atake risiti ya dawa. Mpaka leo sijamwona baba aliyeleta sare mlangoni ikakataliwa.

Na liko neno la tatu, lililo zito kuliko hayo mawili, kwa sababu husemwa na wazee: kwamba mambo ya nyumbani hayapelekwi mahakamani. Kwa neno hili nataka nisimame kidogo, maana ukoo ukiona mali yake inaondoka huijua sana njia ya mahakama, tena huikimbilia.

Watu wa Muleba wanaikumbuka kesi ya Kashasha, na waliosoma sheria wanaijua katika nchi nyingi. Mwanamke mmoja Mhaya, Holaria Pastory, alirithi shamba la ukoo kutoka kwa baba yake kwa wosia. Alipokuwa mzee asiye na mtu wa kumtunza, akaliuza tarehe 24 Agosti 1988 kwa shilingi 300,000 kwa mtu asiye wa ukoo. Siku ya pili yake, wasomaji wangu, siku ya pili yake tu, jamaa yake wa kiume, Bernardo Ephrahim, alikuwa amekwisha kufungua shauri katika Mahakama ya Mwanzo ya Kashasha, akidai mauzo hayo ni batili kwa kuwa kwa mila ya Kihaya mwanamke hana ruhusa ya kuuza ardhi ya ukoo. Na mila hiyo ilikuwa imeandikwa katika kanuni za urithi za mwaka 1963. Mahakama ya Mwanzo ikamkubalia. Mama akakata rufani Mahakama ya Wilaya, akashinda. Bernardo akakata rufani Mahakama Kuu, Mwanza, na mwezi wa Februari 1990 Jaji Mwalusanya akaamua kwamba mila inayomnyima mwanamke kuuza ardhi ya ukoo huku ikimruhusu mwanamume inapingana na katiba ya nchi, na kwamba mwanamke ana haki ileile aliyo nayo mwanamume. Ukoo ukilitaka shamba, na ulikomboe kwa kulipa bei iliyolipwa.

Mimi si mwanasheria, wala sitaki kumhukumu mtu ambaye shauri lake lilikwisha kuamuliwa. Lakini msomaji, jiulize swali lile ambalo mahakama haikuulizwa. Mama mzee asiye na mtu wa kumtunza alikuwapo tarehe 23 Agosti. Alikuwapo mwezi wa Julai. Alikuwapo mwaka uliotangulia. Ukoo ulikuwa wapi? Alipouza, miguu ya kwenda Kashasha ilipatikana kwa usiku mmoja. Basi tusiambiwe kwamba watu wetu hawapendi kupeleka mambo ya nyumbani mahakamani. Wanapenda, ila wanachagua jambo la kupeleka.

Nimeleta kesi hii kwa sababu ya wajane. Mkoa wetu unawajua wajane vizuri. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi katika Tanzania walitambuliwa hapa Kagera, na katika miaka iliyofuata ziko nyumba nyingi zilizobakiwa na bibi na wajukuu tu. Tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016 likaangusha nyumba za waliokuwa wamejikongoja kusimama. Mjane wa namna hiyo akiwa na kibanja mkononi, kahawa yake yaweza kumvusha. Akiambiwa kwamba kibanja ni cha ukoo, achume ndizi za kula tu, kahawa waichukue shemeji, basi ukoo umemsukuma kwa mkopeshaji kwa mikono yake wenyewe, kisha ukamcheka. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 yasema waziwazi kwamba mila yoyote inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki, kukaa au kutumia ardhi ni batili. Shemeji anayeanika kahawa ya mjane mbele ya uwanja wake, huyo ni mdaiwa, hata akiwa mzee wa kanisa.

Sasa nageuka kwa akina mama wenyewe, maana kulaumu wanaume peke yake hakujazi chungu. Dada zangu, na mama zangu, ombi langu kwenu ni moja: msiende kwa mkopeshaji kabla hamjakwenda kudai kilicho chenu. Mama akiona Januari inakuja, safari yake ya kwanza iwe kwa Afisa Ustawi wa Jamii wa halmashauri, si kwa mwenye butura. Huko huitwa baba, na mara nyingi mambo huisha kwa mapatano yaliyoandikwa, bila kufika mbele ya hakimu. Baba akikataa kuitika, shauri huendelea mahakamani. Achukue cheti cha kuzaliwa cha mtoto. Kama hana, achukue cheti cha ubatizo chenye jina la baba, kadi ya kliniki, ujumbe wa simu, risiti ya fedha yoyote aliyowahi kutumiwa, na majina ya watu waliomsikia baba akimkiri mtoto. Sheria huyatazama hayo yote: jina kuandikwa katika daftari la vizazi, baba kufanya desturi za kimila juu ya mtoto, baba kumkiri hadharani. Akimkana, vipo vipimo vya vinasaba kwa Mkemia Mkuu wa Serikali. Na akikataa kupimwa, kukataa kwenyewe ni ushahidi. Tena asichelewe. Ushahidi ni kama senene, una msimu wake. Mashahidi huhama, simu hupotea, karatasi huliwa na mchwa.

Asiogope gharama ya wakili. Tangu Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 wako wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa, ambao kazi yao ni kumsaidia asiye na uwezo bila malipo. Ofisi ya ustawi wa jamii itamwonyesha aliye karibu.

Na aliyekwisha kukopa afanyeje? Kwanza ajue kwamba deni ni shauri la madai. Polisi si wakusanyaji wa madeni ya watu, na mkopeshaji anayekuja na vitisho vya rumande anacheza na ujinga wetu. Pili, aulize leseni. Kwa Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 mtu hawezi kufanya biashara ya kukopesha bila leseni, na kwa wale wakopeshaji wasiopokea amana Benki Kuu imeweka kikomo cha riba, asilimia 3.5 kwa mwezi. Rudini kwenye mfano wangu wa juu: shilingi 100,000 kwa mwezi mmoja ingezaa riba ya shilingi 3,500. Yule alitaka 30,000, na fomu juu yake. Mama ana haki ya kupewa nakala ya mkataba wake. Asiyetoa nakala ana jambo analoficha.

Kisha liko jambo la sufuria, ambalo limenikasirisha kwa muda mrefu. Mkopeshaji hana ruhusa ya kuingia nyumbani kwa mtu akabeba vyombo kwa amri ya mdomo wake. Na hata mahakama yenyewe, baada ya kusikiliza shauri na kumshinda mdaiwa, imezuiliwa na Sheria ya Mwenendo wa Madai kukamata nguo za lazima, vyombo vya kupikia, vitanda na matandiko ya mdaiwa na watoto wake, na kwa mkulima zana zake za kulimia. Soma tena, ndugu. Kitu ambacho jaji wa Mahakama Kuu hana ruhusa ya kukichukua, kijana mwenye pikipiki na daftari anakichukua mchana kweupe, nasi tunasimama barabarani tukitazama kana kwamba ni arusi inapita.

Asikope kwa mtu wa pili ili kumlipa wa kwanza. Hilo ndilo shimo lenyewe. Heri aende kwa wa kwanza pamoja na mtendaji wa kijiji, aseme mbele yake, "Nilipokea kiasi hiki, naweza kurudisha kiasi hiki kila juma," na iandikwe. Mkopeshaji mwenye leseni atasikiliza, maana naye anaiogopa leseni yake. Asiye na leseni ataogopa mtendaji.

Iko fedha nyingine isiyo na riba kabisa, nayo husahauliwa. Kwa sheria ya mwaka 2018 kila halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya vikundi: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwezi wa Aprili 2023 kwa sababu fedha zilikuwa zikipotea mikononi mwa vikundi hewa, ikarudishwa mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Nasikia watu wakisema ni fedha ya wajanja. Itakuwa ya wajanja tukiwaachia. Kikundi cha akina mama watano sita wanaojuana, wanaosuka mikeka au kuuza ndizi na dagaa, kikienda kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata na katiba yake na jina lake, kina haki kuliko kikundi cha watu waliokutana siku ya kujaza fomu.

Kuhusu fedha za TASAF nitasema kidogo. Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini ulioanza mwaka 2012, na sehemu yake ya pili iliyozinduliwa Februari 2020, uliandika kaya kwa njia ya mkutano wa kijiji: wanakijiji wenyewe walitaja na kuthibitisha nani ni maskini. Utaratibu mzuri. Lakini mama aliyekuwa kibaruani siku hiyo hakutajwa, na binti anayelea watoto wawili katika ua wa baba yake hakuhesabiwa kuwa na kaya yake. Mkutano wa namna hiyo ukiitishwa tena, jirani mwenye kinywa na amtaje asiyekuwapo.

Mtaona sijasema neno juu ya vitenge na simu. Wako wanawake wanaokopa kwa upuuzi, kama walivyo wanaume wanaouza kahawa kwa ajili ya rubisi. Nao hawa tumewavumilia tangu enzi za babu zetu bila kuitisha baraza. Mjane wa nyakati za Elisha alipokuja analia kwamba mwenye deni anakuja kuwachukua wanawe wawili, nabii hakumuuliza alinunua nini. Aliuliza nyumbani mwake kuna nini, akamtuma kwa majirani kuomba vyombo. Na majirani walitoa vyombo. Hapa kwetu majirani hutoa ushauri.

Nasi wa kanisani tujitazame. Orodha ya michango husomwa, na jina la mama ambaye hakutoa husikika na wote. Baba wa watoto wake ametoa maradufu, nalo lasomwa pia. Sidhani ni kazi kubwa kwa wazee wa mtaa kumwita mtu huyo faraghani, kabla ya kupokea bahasha yake, wakamuuliza kama mtoto wake ana viatu.

Jambo moja nalitaka zaidi ya yote, nalo liko mkononi mwetu. Karatasi ya butura haifai bila shahidi. Januari itakapofika mnunuzi ataileta, mama atatia kidole chake, na chini yake patahitajika mtu wa kuandika jina na kutia sahihi. Mtu huyo huchaguliwa kwa kuwa anajua kusoma. Yaani ni mmoja wetu sisi tunaosoma gazeti hili.